Jarida la muziki la vijana: binamu anataka staa wa Dar na tangazo la kubeti, mimi nasita

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Nyakato hapa Mwanza na nafanya kazi kwenye steshenari. Kadi za harusi, vipeperushi vya mikutano ya injili, kalenda za vikundi, zote zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo kompyuta na mashine za kuchapa nimezizoea.

Wazo langu ni jarida la muziki la wanafunzi wa sekondari, miaka 13 hadi 18. Shuleni simu hawaruhusiwi, na wa bweni wanamaliza miezi bila kujua nini kimetoka. Nataka wapate kitu cha kushika mkononi: mahojiano na wasanii wa huku kwetu, namna biti inavyotengenezwa, jinsi ya kuandika mistari, kwaya za shule, ngoma ya Kisukuma ya bugobogobo, na bango la katikati la kubandika ukutani. Kwa kuanzia, toleo moja kila muhula.

Nimeweka akiba ya shilingi 1,400,000. Mwenzangu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwenye studio ndogo Igoma. Yeye ameahidi 1,000,000. Tulianza vizuri, sasa hatuelewani hata kidogo.

Yeye anataka kurasa 32 za A4, karatasi ya kung'aa, rangi mwanzo hadi mwisho, na staa mkubwa wa Dar kwenye jalada. Anasema bila staa hakuna atakayelitazama. Profoma (makadirio ya bei) ya mchapaji kwa nakala 500 ni 3,000,000. Anataka tuuze kila nakala kwa 5,000, na wauza magazeti wa mjini wanadai 1,000 katika kila nakala. Pengo la fedha amelipatia dawa: wakala wa kampuni ya kubeti yuko tayari kulipa 800,000 kwa jalada la nyuma.

Mimi nataka kurasa 24 za A5, rangi kwenye jalada na katikati tu. Nakala 500 ni 1,100,000. Nataka tuuze kila nakala kwa 1,000, ambayo mwanafunzi anaweza kuibana kwenye hela ya chakula, na muuzaji achukue 200. Kwenye jalada nataka binti wa miaka 15 wa jirani anayeimba vizuri sana. Mama yake amekubali kwa mdomo. Vijana wa Mwanza wanataka kuona wa kwao, hilo nina uhakika nalo.

Binamu ananiambia nafikiri kidogo kidogo, nitabaki kwenye kadi za harusi. Nami nilimjibu vibaya, kwamba yeye anaangalia hela na watoto hawajali. Sasa tukikutana kwa bibi salamu ni za mdomo tu. Nikikubali tangazo la kubeti najiona nimewauza wale watoto. Nikilikataa, jarida linaweza kufia hapa na undugu ukaharibika. Nifanyeje?

Mwenye ndoto, Nyakato

*

Marahaba, mwanangu.

Nimefurahi kwamba umeleta barua yenye hesabu. Watu wakigombana juu ya kazi ya pamoja huleta maneno, na maneno peke yake hayasaidii sana.

Nikikuelewa vizuri, mnabishana juu ya sura ya jalada, ukubwa wa jarida na fedha ya tangazo. Wewe umeyafunga yote matatu pamoja ukayaita tamaa ya binamu yako. Naye kayafunga akayaita woga wako. Tuyafungue, maana kila moja lina uzito wake.

Fedha kwanza. Mpango wake: nakala 500, kila moja inawaachia 4,000 baada ya muuzaji kuchukua chake. Hiyo ni 2,000,000. Ongeza 800,000 za tangazo, mnapata 2,800,000 kwa gharama ya 3,000,000. Hasara ni 200,000, na hapo nimechukulia kwamba zimeuzika zote, jambo ambalo kwa toleo la kwanza halitokei kirahisi.

Sasa wako. Nakala 500 kwa 800 ni 400,000, na mchapaji anadai 1,100,000. Hasara ni 700,000. Ukitoa gharama kwenye akiba yako na kurudisha mauzo yote, unabaki na 700,000, nayo haitoshi kuchapa toleo la pili. Naomba ulitazame hili polepole, kwa sababu barua yako inazungumza kana kwamba mpango mdogo ndio salama. Unahitaji fedha ndogo kuuanza, lakini unapoteza zaidi kuliko wake. Jarida la bei ya mwanafunzi halijilipi kwa mauzo; linalipwa na matangazo. Kwa hiyo binamu yako hakukosea kutafuta tangazo. Swali ni tangazo la nani.

Hapo nadhani moyo wako umeona jambo la kweli, ila hofu yako ina sababu kubwa kuliko kujisikia vibaya. Sheria ya michezo ya kubahatisha haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu wa chini ya 18 kuwa mtoto. Wasomaji unaowataja karibu wote wako humo. Halafu kuna mlango wa kuuzia. Jarida la wanafunzi linaingia shuleni kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na mkuu wa shule akipewa nakala huigeuza akaangalia nyuma. Tangazo lile linaweza kuwapa 800,000 mara moja na kuwafungia shule zote za Ilemela na Nyamagana, wilaya mbili za jiji letu. Ikiwa binamu yako anafikiria wasomaji wa miaka 20 hadi 25, wauziwe stendi na saluni, hilo ni jarida jingine na linaweza kuwa halali kabisa. Muulize anamwona nani akilisoma. Huenda mmekuwa mkibishana juu ya majarida mawili tofauti bila kujua.

Pengo la 700,000 linaweza kuzibwa vipande vipande. Mfano: jalada la nyuma 250,000, ukurasa wa 2 na wa 23 kila mmoja 150,000, na nafasi tatu za robo ukurasa kwa 50,000 kila moja. Jumla yake ni 700,000 kamili. Wa kuwaendea ni studio nyingine, maduka ya spika na kinanda, vituo vya tuisheni, mafundi wa sare, na vile vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Vibanda hivyo vinaweza pia kuliuza jarida, kwa kuwa kijana anayekuja pale tayari ameamua kutumia hela kwa ajili ya muziki. Hatari yake ni kwamba wateja sita wadogo wanasumbua kuliko mmoja mkubwa. Wawili wataahidi na kupotea. Chukua malipo kabla ya kwenda kwa mchapaji, na asiyelipa nafasi yake iende kwa mwingine.

Jalada sasa. Binamu anasema bila staa halitazamwi, wewe unasema vijana wanataka wa kwao. Wote mnasema kwa uhakika, na sijaona kwenye barua kwamba kuna aliyewauliza. Kupima ni rahisi kwa mtu mwenye mashine kama wewe. Tengeneza majalada mawili, lake na lako, uchape kwa rangi. Yaonyeshe makundi matatu au manne ya vijana, yakiwa yamelazwa mezani kati ya magazeti mengine. Usiulize "mnalipenda lipi?", kwani watakujibu kwa adabu. Uliza wangefungua lipi kwanza, na wanadhani ndani kuna nini. Afadhali wewe upeleke jalada la binamu na yeye apeleke la kwako, ili kila mmoja asikie maneno ambayo hakuyatarajia.

Staa wa Dar ana faida ya kufahamika na ana matatizo mawili. Picha yake ya mtandaoni ina mwenyewe, yaani mpiga picha au menejimenti yake, na kuichapa bila ruhusa ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mashairi ya nyimbo nayo yanalindwa vilevile. Ukitaka kuchapa wimbo mzima, pata kibali cha maandishi cha mtunzi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuuliza. Tatizo la pili ni muda. Jarida la kila muhula likibeba habari za staa, wa kutwa wameshaziona kwenye simu ya dada yao. Kitu kinachokaa muhula mzima bila kuchacha ni ujuzi: mpangilio wa ngoma na besi kwenye biti, namna ya kuhesabu mistari 16 ya ubeti wa rap, sauti nne za kwaya zinavyogawanywa. Na hapa studio ya binamu yako ni hazina ambayo barua yako haijaitaja kabisa.

Kuna pia njia ya kati. Msanii aliyetoka huku akafahamika nchi nzima, kama rapa Fid Q, anagusa hoja zenu zote mbili. Kumpata kwa mahojiano na picha halali ni kazi nyingine, wala sikuahidi kwamba ni rahisi.

Yule binti wa miaka 15 nataka tumzungumze peke yake. Idhini ya mdomo haitoshi. Mama yake aandike na kusaini, na binti mwenyewe aulizwe bila mama kumjibia. Asivae sare ya shule, jina la shule na mtaa visitajwe, na namba ya simu isionekane popote. Awe na haki ya kuona kurasa zake na kusema hapana hadi siku faili linapokwenda kwa mchapaji. Jiulize pia toleo likishatoka atarudi darasani kwa watu gani. Wengine watamshangilia, wengine watamsumbua. Ukimweka ndani pamoja na waimbaji wengine wawili watatu, mzigo unakuwa mwepesi kwake. Ukimweka jaladani peke yake, umempa heshima kubwa na macho mengi. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ukubwa ndipo ninapoona mnaweza kupatana mapema, kwa sababu hapo karatasi yenyewe inaamua mengi. Jarida la kubanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ukijikuta na kurasa 26, mbili zitakuwa tupu au mbili zitakatwa usiku wa mwisho, na kinachokatwa usiku wa mwisho mara nyingi ndicho kizuri. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati, uziingize moja ndani ya nyingine: una kurasa 24 za A5. Ziandike namba kwa penseli. Ukizitenganisha utaona karatasi ya nje imebeba ukurasa wa 1, 2, 23 na 24, na ya ndani kabisa imebeba 11, 12, 13 na 14. Hizo mbili ndizo za kulipia rangi, kurasa 8, na 16 zilizobaki zikae nyeusi. Bango litakuwa 12 na 13, ambapo picha haikatwi na mkunjo wa karatasi mbili tofauti. Kumbuka kwamba msomaji akilichomoa, 11 na 14 zinaondoka nalo. Usiweke hapo mwanzo wa makala inayoendelea mbele, wala tangazo la mtu aliyelipa. Weka fumbo au tangazo lenu wenyewe la toleo lijalo.

Kurasa shufwa ziko kushoto. Mahojiano makubwa yaanzie 6, ili 6 na 7 zifunguke pamoja na picha ipate nafasi ya kutanuka.

Kadi ya harusi ina maneno machache, jarida lina mengi, na hapo ndipo wasanifu kurasa wapya wanapokwama. Kwenye A5 tumia safu mbili, si tatu. Maneno yetu ni marefu, na safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili inaacha matundu meupe katikati ya mistari. Nyoosha kushoto tu. Zima ukataji wa maneno wa kompyuta, kwa kuwa unafuata kanuni za lugha nyingine na utakukatia "wanamuziki" mahali pa ajabu; ukilazimika, kata mwenyewe kwenye silabi. Herufi za pointi 9.5 au 10, mstari hadi mstari pointi 13. Fonti mbili, ya vichwa na ya maandishi. Ukurasa mmoja usio na picha utameza maneno 300 hivi, kwa hiyo mwandishi aambiwe idadi kabla hajaandika.

Picha ndizo zitakazokuliza usipokuwa mwangalifu. Jalada la A5 linataka pikseli 1,748 kwa 2,480 ili litoke kwa nukta 300 kwa inchi, na juu ya hapo ongeza milimita 3 kila upande za kukatia. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa. Yenye pikseli 1,600 kwa upana inakutosha sentimita 13.5 tu, ukiikuza zaidi inakuwa na ukungu. Waambie wakutumie kama faili, au chukua kwenye kamera yenyewe. Rangi nazo: ile bluu au kijani kinachowaka kwenye skrini mashine haiwezi kukitoa, kitakuja kimefubaa. Geuza faili liwe la wino nne za mchapaji (CMYK) mapema, ulipie prufu, yaani nakala ya majaribio, ya jalada. Maandishi membamba meupe juu ya picha ya giza yaepuke, wino ukihama kidogo tu herufi zinazibika.

Juu ya jalada, jina likae sehemu ya juu kabisa, kwa kuwa wauza magazeti huyapanga yakilaliana na kinachoonekana ni ile theluthi ya juu. Uso mmoja unaomtazama msomaji, vichwa vitatu hadi vitano vya yaliyomo, namba ya toleo na bei.

Kabla hujamlipa mchapaji chochote, shughulikia suala la leseni. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka magazeti na majarida yawe na leseni, nayo hushughulikiwa na Idara ya Habari (MAELEZO). Uliza masharti, ada na muda, uviingize kwenye ratiba. Na ratiba ifuate shule: shule hufunguliwa Januari na Julai, hivyo jarida litoke wiki chache baadaye wanafunzi wakiwa wametulia. Novemba usijaribu, kidato cha nne wako kwenye mtihani na walimu hawana masikio ya jambo jingine.

Kuhusu binamu yako. Umeniandikia kwamba anaangalia hela. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anaogopa kijitabu kidogo kitamtia aibu mbele ya wasanii wanaokuja studio kwake, na hajui namna ya kulisema hilo. Ameweka 1,000,000 kwenye ndoto uliyoianzisha wewe, na sijaona popote palipoandikwa nani ana neno la mwisho juu ya kurasa na nani juu ya fedha. Pengine ugomvi wenu umelala hapo kuliko kwenye staa. Mwendee na zile karatasi 6 zilizokunjwa, na hesabu zote mbili, ya kwake na ya kwako, ukianza na hasara ya kwako. Kabla ya yote lirudie lile jibu baya ulilompa, useme halikuwa sawa. Halafu mjaze kurasa pamoja, kila mmoja akiweka anachokitaka, mkiacha ukurasa wa 24, jalada la nyuma, hadi mwisho.

Akikataa yote, bado unaweza kutoa kurasa 16 peke yako, karatasi 4 tu, nakala 150 kwenye mashine ya dijitali, bango likiwa 8 na 9. Bei ya kila nakala haitashuka sana ukiongeza idadi, kama ambavyo ingeshuka kwa ofseti, mashine kubwa za kuchapa nakala nyingi, lakini hutafilisika. Utakosa studio yake, watu anaowafahamu na yule mtu wa kukubishia. Hayo yana thamani gani kwako, wewe ndiye wa kuyapima.